Sampo inayovuja: Mtanzania, Corolla yake na sheria za Stockholm

Kubadilisha bakuli la oili chini ya injini ni kazi ya siku moja kwa fundi wa Ngamiani, Tanga. Mjini Stockholm kazi hiyo hiyo inaingiliana na chumvi ya barabarani, tarehe ya ukaguzi na maji ya kunywa ya jiji zima. Tulishinda na ndugu yetu mmoja gereji, tukaona inavyofanywa.

Jumamosi moja asubuhi, mwezi Aprili, tulimkuta amelala chali chini ya Toyota Corolla ya mwaka 2004. Ni mzaliwa wa Tanga na mkazi wa Stockholm kwa zaidi ya miaka 20, na alituomba tusimtaje jina. Nje, theluji ya mwisho ilikuwa bado imebaki upande wa kivuli wa ua. Ndani ya gereji ndogo ya shemeji yake, katika kitongoji cha Hässelby magharibi mwa jiji, kulikuwa na taa ya kuning'iniza, karai la plastiki, rundo la matambara, na binti yake wa miaka 16 aliyeshika simu mkononi tayari kumsomea baba maelekezo.

Muda haukuwa mwingi. Gari lilikuwa limeshindwa ukaguzi karibu mwezi mmoja nyuma kwa sababu ya kuvuja oili, na siku ya mwisho ya kulirudisha ilikuwa Jumanne. Ndugu yetu anafanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, upande wa pili wa jiji. Kwa gari hufika kazini kwa dakika 40. Kwa basi na treni, hasa usiku wa mwisho wa juma, safari hiyo humchukua karibu saa mbili.

"Gereji waliniambia kronor 9,000," alitueleza huku akijifuta mikono. "Sampo yenyewe nimeinunua kwa 700. Nikajiambia, kama mjomba aliweza kuibadilisha chini ya mwembe, mimi nitashindwaje ndani ya gereji yenye taa?"

Tone moja, na gari linasimama

Nchini Sweden ukaguzi wa magari ni wa lazima tangu mwaka 1965. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya shirika moja tu, Bilprovningen, lililoundwa mwaka 1963, mpaka tarehe 1 Julai 2010 ambapo kampuni nyingine ziliruhusiwa kuingia katika biashara hiyo. Kwa mujibu wa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Mei 2018, gari dogo jipya hukaguliwa kwa mara ya kwanza kabla ya kupita miezi 36, mara ya pili ndani ya miezi 24 inayofuata, na kuanzia hapo kila baada ya muda usiozidi miezi 14.

Mkaguzi hutazama breki, taa, matairi, usukani, moshi na kutu. Hutazama pia chini ya injini. Injini kuukuu yenye unyevunyevu wa oili hapa na pale haimshughulishi sana, lakini oili inayodondoka ni jambo jingine. Oili hufanya barabara iteleze, huchafua ardhi na maji, na ikidondokea bomba la moshi lenye moto inaweza kuwaka.

Mwenye gari lililoshindwa hupewa mwezi mmoja wa kulitengeneza na kulirudisha. Muda huo ukipita, gari hupigwa marufuku kutembea barabarani. Hakuna haja ya mtu kuja kulifunga mnyororo: marufuku huingia yenyewe katika daftari la taifa la magari, na polisi wakiisoma namba ya gari lako wanaijua hali yake papo hapo. Kinachobaki kuruhusiwa ni kulipeleka kwa fundi, au kwenye ukaguzi ambao umekwisha kuwekewa miadi.

Msomaji aliyeko nyumbani anaweza kushangaa. Kwetu, gari linalodondosha oili huwekewa kipande cha boksi chini linapolala, na asubuhi mwenyewe huongeza nusu lita na kuendelea na safari. Lakini hata kwetu hesabu hiyo ina mwisho wake, kama tutakavyoona.

Chumvi badala ya mawe

Sampo ni bakuli la chuma lililofungwa chini kabisa ya injini. Waswidi huliita oljetråg, na neno tråg kwao ni hori, kama lile la kunyweshea ng'ombe. Jina hilo linaeleza kazi yake vizuri. Oili yote ya injini, ambayo kwa gari dogo ni takriban lita nne, hukusanyika humo. Pampu huifyonza kupitia chujio la waya, huisukuma juu kwenye sehemu zote zinazosuguana, halafu oili hutiririka yenyewe kurudi chini. Mzunguko huo huendelea muda wote injini inaponguruma. Oili hulainisha, hupoza na husomba uchafu.

Kwa hiyo tundu dogo katika bati la bei ndogo linaweza kuua injini ya bei kubwa. Oili ikipungua kupita kiasi, pampu hufyonza hewa. Chuma hukutana na chuma, na baada ya dakika chache injini huanza kugonga. Wengi hutegemea taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi, na hapo ndipo wanapokosea. Katika magari mengi taa hiyo haipimi wingi wa oili. Hupima msukumo wake. Inapowaka, mara nyingi madhara yamekwisha kuanza. Jambo la kufanya ni kusimama mahali salama na kuzima injini mara moja, si kujikongoja mpaka nyumbani.

Sampo ya Dar es Salaam na ya Stockholm hufa vifo tofauti. Kwetu adui ni jiwe, tuta lisilokuwa na alama na shimo lililojaa maji ya mvua. Gari lililoshuka kwa uzito wa abiria na mizigo hugonga chini, bati hupinda au kupasuka. Stockholm barabara ni laini, lakini kila majira ya baridi humwagiwa chumvi ili barafu isigande. Maji ya chumvi hurushwa na matairi na kuganda chini ya gari kwa miezi. Changarawe inayotandazwa kuzuia utelezi nayo huruka na kuchubua rangi. Mahali palipochubuka ndipo kutu huanzia.

Corolla ya ndugu yetu ilikuwa na sampo ya bati la chuma lililopakwa rangi nyeusi. Magari mengine yana sampo ya aluminiamu, ambayo hailiwi na kutu kwa namna hiyo ingawa ikigongwa hupasuka badala ya kubonyea. Baada ya majira ya baridi yapatayo 20, rangi ya Corolla hii ilikuwa imebanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake chuma kilikuwa kimeota madoa ya kahawia.

Kabla ya kuilaumu sampo

Kosa la kwanza la watu wanaojitengenezea gari ni kununua kipuri kabla ya kuujua ugonjwa. Oili hushuka. Inaweza kuvujia juu kabisa, kwenye kifuniko cha injini, ikatiririka ubavuni na kudondokea kwenye ukingo wa sampo. Mwenye gari huona sampo imelowa, akabadilisha sampo, na wiki inayofuata tone liko pale pale.

Ndugu yetu alifanya uchunguzi wake wiki mbili kabla. Alisafisha chini ya injini kwa dawa ya kuondoa grisi, akafuta mpaka pakavu, akaendesha siku mbili, kisha akatandika karatasi nyeupe chini ya gari usiku kucha. Asubuhi alipanda kwa macho kutoka chini kwenda juu. Alikagua nati ya kumwagia oili na ringi yake, chujio la oili, kifuniko cha juu, na pale injini inapoungana na gia boksi. Kote kulikuwa kukavu. Unyevu ulikuwa katikati ya bati lenyewe, mbali na ukingo.

"Ingekuwa pale kwenye maungio ya injini na gia boksi, nisingegusa," alisema. "Hiyo ni kazi ya kushusha gia boksi. Ningelipa tu."

Tunalitaja hili kwa sababu kujua kazi isiyo yako ni sehemu ya ufundi. Mara nyingine tatizo zima ni ringi ndogo ya nati ya kumwagia oili, ambayo bei yake haifiki hata ya kikombe cha kahawa.

Mahali pa kulala chini ya gari

Katika miji yetu gereji ni kivuli cha mti na mchanga. Stockholm mtu hawezi tu kuinua gari mtaani. Kwa kawaida gari haliruhusiwi kukaa mahali pamoja barabarani zaidi ya saa 24 mfululizo siku za kazi, na mitaa mingi ina usiku mmoja wa juma ambao magari yote huondolewa ili usafi ufanyike. Gari lililofunguliwa tumbo haliwezi kuondoka, na tiketi ya faini haijali kuwa sampo iko mkononi. Wenye nyumba za kupangisha nao mara nyingi hukataza matengenezo katika maegesho yao.

Sababu kubwa zaidi ni maji. Maji ya mvua yanayoingia katika mifereji ya mitaani mara nyingi huishia ziwani au baharini, na ziwa lenyewe ni Mälaren, linalowanywesha watu wa Stockholm. Kituo cha maji cha Norsborg kilianza kazi mwaka 1904, na cha Lovö mwaka 1933. Lovö hicho kiko katika kisiwa cha Lovön, si mbali na Hässelby tulipokuwa, na ndicho kisiwa chenye kasri la Drottningholm anamoishi mfalme. Oili inayomwagwa katika mfereji wa mtaani haina safari ndefu kufika kwenye maji hayo.

Asiye na ua wala shemeji mwenye gereji anaweza kwenda kwenye gereji za kujihudumia, ambazo Waswidi huziita gör-det-själv-hall. Humo mtu hukodi nafasi kwa saa, mara nyingi pamoja na mashine ya kuinulia gari na vifaa. Kwa anayejua kazi, ni nafuu kubwa. Kwa anayejifunza, saa huenda mbio na bili huongezeka. Ndugu yetu alichagua gereji ya shemeji kwa sababu moja tu: hapo hakuna saa inayohesabiwa.

Vipuri ni rahisi kupatikana. Muuzaji huuliza namba ya gari, na mashine humwonyesha aina na mwaka wa gari pamoja na vipuri vinavyolifaa. Maduka kama Biltema na Mekonomen yanajulikana na kila Mwafrika wa Stockholm mwenye gari kuukuu. Alinunua sampo, ringi mpya ya nati, chujio, oili na tyubu ya silikoni ya kuzibia. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza aliiazima.

Kazi yenyewe

Kwanza alipasha injini moto kidogo, dakika tano tu, ili oili iwe nyepesi lakini isiunguze. Aliegesha gari kwenye sakafu iliyo sawa, akavuta breki ya mkono na kuweka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma. Alipoinua gari kwa jeki hakuingia chini. Aliweka kwanza stendi mbili za chuma mahali palipoonyeshwa na kitabu cha gari, akaliteremsha likae juu yake, kisha akalisukuma kwa bega kuona kama linayumba. Jeki hupanda na kushuka kwa sababu ndiyo kazi yake. Haikuumbwa kubeba gari juu ya kifua cha mtu.

Alivaa glavu, akafungua kikinga cha plastiki, halafu nati ya kumwagia oili. Karai lilijaa oili nyeusi. Wakati ikimalizikia kudondoka alikunywa chai, akatusimulia habari za mjomba wake wa Ngamiani, aliyekuwa akijua ugonjwa wa Land Rover kwa kusikiliza tu.

Sampo hushikiliwa na boliti ndogo zaidi ya kumi ukingoni mwake. Alizilegeza zote kidogo kidogo kwa kuvuka upande huu na huu, si kwa kuzunguka. Boliti moja ya nyuma iligoma. Kutu ilikuwa imeila kichwa mpaka spana ikaanza kuteleza. Hapo tuliona tofauti ya mtu aliyefundishwa na asiyefundishwa. Hakuilazimisha. Aliinyunyizia dawa ya kulegeza kutu, akaigonga polepole kwa nyundo, akaiacha nusu saa, akarudia. Mara ya tatu ikalia mlio mkavu na kufunguka.

"Ukiivunja hii," alisema, "shida yako si sampo tena. Shida yako ni injini."

Boliti zilipotoka, sampo haikuanguka. Katika gari hili haikai juu ya gasketi ya karatasi. Imegandishwa kwa silikoni. Wengi hapo huchukua bisibisi kubwa na kuichomeka kati ya sampo na injini. Injini ya Corolla hii ni ya aluminiamu, chuma laini, na mkwaruzo mmoja wa bisibisi huwa njia mpya ya oili. Alitumia kisu chembamba cha kukwangulia rangi, akakipenyeza taratibu pembeni, kisha akagonga ubavu wa sampo kwa nyundo ya mpira. Ikaachia.

Aliinua sampo kuelekea kwenye taa. Katikati ya kutu mwanga ulipenya kwenye vitundu viwili vyembamba kama tundu la sindano. Binti yake aliomba kuiona. "Baba, ni hivi tu?" aliuliza. Ilikuwa ni hivyo tu.

Hori la Saab

Sampo ikiwa chini, fundi mwangalifu hatazami sampo peke yake. Hutazama pia kilicholala ndani yake. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni habari mbaya kwa injini. Tope jeusi zito ni habari ya oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa. Hutazama pia lile chujio la waya linalofyonzea pampu.

Kwa Waswidi somo hili lina jina la gari lao wenyewe. Saab 9-5, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1997, ilipata sifa mbaya kwa injini zake za petroli za miaka ya mwanzo, hadi mwaka 2003. Oili iligeuka tope, tope likaziba chujio la pampu, na injini ikafa huku sampo imejaa oili. Kampuni ya Saab Automobile ilifilisika Desemba 2011, lakini swali lilibaki. Anayenunua 9-5 ya miaka hiyo humwuliza muuzaji kama sampo iliwahi kushushwa na kusafishwa, na muuzaji mwerevu huandika jibu hilo katika tangazo lake.

Chujio la Corolla lilikuwa safi. Ndugu yetu alishukuru, akaendelea.

Saa za kungoja

Sehemu iliyofuata ilichukua muda mrefu kuliko zote, na haikuwa na la kusisimua. Ni kusafisha. Silikoni ya zamani ilikwanguliwa yote kwa kipande cha plastiki kigumu, ukingo wa injini ukafutwa kwa dawa ya kusafishia breki, ukafutwa tena, mpaka kitambaa cheupe kikabaki cheupe. Silikoni mpya haishiki juu ya oili, wala haishiki juu ya maji. Ndugu yetu alisubiri tone la mwisho lililokuwa likining'inia ndani ya injini lidondoke, akalifuta, lingine likaja, akalifuta nalo.

Kisha alipaka mstari mmoja wa silikoni usiokatika, wa unene wa milimita tatu hivi, ukipita upande wa ndani wa matundu ya boliti. Hakuweka nyingi. Silikoni ikizidi hukamuliwa kuingia ndani, ikakatika vipande na kwenda kuziba lile chujio la pampu. Alipandisha sampo moja kwa moja bila kuitelezesha, akatia boliti zote kwa vidole, kisha akakaza kwa kuvuka, kuanzia katikati kwenda mwisho.

Hapa ndipo mkono wa Tanga ulipokutana na kitabu cha Sweden. Boliti hizo hukazwa kwa nguvu ndogo sana, takriban Nm 9. Nati ya kumwagia oili hukazwa kwa 37. Mkono uliozoea spana huona Nm 9 kama utani, huongeza kidogo kwa usalama, na kuongeza huko ndiko kunakopinda ukingo wa bati na kuleta uvujaji mpya. Ndugu yetu alikiri kuwa spana ile ya kuazima ilipolia "tik" mara ya kwanza, alidhani ni mbovu.

Ilikuwa saa kumi jioni. Zamu yake ilianza usiku ule ule. Binti alisoma maandishi ya Kiswidi kwenye tyubu ya silikoni, akatafsiri: ngoja saa 24 ikauke kabisa.

"Mjomba alikuwa anatia oili baada ya kunywa chai," baba alisema.

"Na zilikuwa hazivuji?" binti aliuliza.

Baba alinyamaza kidogo. "Nyingine zilikuwa zinavuja," akajibu.

Kulikuwa na ubishi mfupi. Baba alisema gari likikaa saa mbili tatu litatosha, na kwa silikoni nyingine ni kweli. Lakini tyubu iliyokuwa mkononi mwao ilisema 24. Akivuja tena, Jumanne itamkuta hana gari, na kazi yote itaanza upya na silikoni ya pili. Mwishowe alivua ovaroli, akanawa, akajumlisha safari ya basi na treni, akaondoka gereji saa moja na nusu. Tulimsindikiza mpaka kituoni. Alisema kwamba katika miaka yake yote ya ufundi, kungoja ndiko kunakomshinda kuliko boliti yenye kutu.

Oili chafu inakwenda wapi

Jumapili alasiri alirudi na macho mekundu ya usingizi. Alifunga chujio jipya, akatia oili, akaanza na lita tatu na nusu na kuongeza kidogo kidogo huku akisoma kijiti cha kupimia. Aliwasha injini akitazama dashibodi. Taa nyekundu ilizimika baada ya sekunde chache. Aliiacha ingurume dakika kumi, akaingia chini na taa, akapitisha kidole ukingo mzima wa sampo. Kidole kilitoka kikavu. Akazima, akasubiri oili ishuke, akapima tena.

Kazi ilikuwa bado haijaisha. Lilibaki karai la oili nyeusi, chujio kuukuu na matambara. Nchini Sweden hivyo vyote ni taka za hatari, na kuvitupa katika pipa la kawaida au kuvimwaga ardhini ni kosa. Alimimina oili katika madumu yenye vifuniko, bila kuichanganya na maji wala petroli, akaipeleka kwenye kituo cha taka cha Lövsta, ambacho kiko huko huko Hässelby. Kwa wakazi kupokelewa kwa taka hizo ni bure. Sampo yenye kutu nayo ilikwenda kwenye kontena la vyuma.

Kwetu oili chafu ina matumizi mengine. Hupakwa kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa na humwagwa uani kutuliza vumbi. Mafundi wetu hawakufanya hivyo kwa ubaya. Mara nyingi hakuna wa kuipokea. Hata hivyo oili hiyo imebeba masizi na chembe za chuma za injini, na hudhuru ngozi ya anayeishika kila siku bila glavu. Kisima kilicho karibu na gereji hakijui tofauti ya Tanga na Hässelby.

Jumatatu gari lilirudi kwenye ukaguzi, siku moja kabla ya mwisho wa muda. Mkaguzi aliinama chini ya injini na taa yake, akapitisha macho, akapiga alama kwenye mashine. Ndugu yetu anasema ilichukua muda mfupi kuliko kumwondoa boliti mmoja mkaidi.

Usiku huo alikwenda kazini kwa gari. Kabla ya kuondoka aliacha karatasi nyeupe sakafuni mwa gereji, mahali Corolla ilipokuwa imelala, na kumwambia binti yake aitazame. Asubuhi binti alimpigia simu. Karatasi ilikuwa nyeupe.